Mwanangu beki ni mdogo wa umbo: skauti wa kambi ya taifa ya hoki wanaangalia nini?

Swali: Tunaishi Marekani na mwanangu anacheza hoki ya barafuni, nafasi ya beki. Ameteuliwa na wilaya yetu kwenda kambi ya taifa ya vijana wa miaka 15. Ni mdogo wa umbo kuliko wenzake, na hiyo miaka 15 yenyewe ataitimiza Novemba. Kocha wake wa klabu amemwambia akifika huko ajitahidi kufunga mabao, kwa sababu skauti, wale wasaka vipaji, hukumbuka mabao. Mimi mchezo huu sikukulia nao. Skauti wanaangalia nini hasa? Umbo lake litamwangusha? Na mimi mzazi nikiwa pale nifanye nini, nizungumze nao?

Jibu: Mama, hongera kwako na kwa kijana. USA Hockey, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, kimeigawa nchi katika wilaya 12, na kila wilaya huwachuja vijana wake kwa majaribio kabla ya kupeleka majina kwenye kambi ya taifa. Mwanao hakuokotwa tu. Kuna makocha waliomwona akicheza, wakamlinganisha na wengi, ndipo wakaandika jina lake.

Kuhusu mabao nitakujibu waziwazi: ushauri ule haumfai. Skauti anayeijua kazi yake haendi kambini kutafuta nani anatamba wiki hiyo. Anakwenda kukisia nani atakuwa mchezaji atakapofika miaka 19 au 20, wakati anapambana na wanaume waliokomaa. Bao la kijana wa umri huu linamweleza skauti kilichotokea mchana ule. Anachokifanya kijana sekunde mbili kabla paki, kile kisahani kigumu kinachochezewa, haijamfikia kinamweleza mengi zaidi kuhusu miaka mitano ijayo.

Hebu tazama kwanza mabao ya kambini yanavyopatikana. Vijana wanatoka pande zote za nchi, wanapangwa katika timu zinazotajwa kwa rangi za jezi, wanafanya mazoezi machache pamoja, kisha wanaanza mechi. Beki wa kushoto hajui mwenzake wa kulia hupenda kukaa wapi. Washambuliaji hawajaelewana nani arudi nyuma kusaidia. Zinaachwa nafasi ambazo timu iliyokaa pamoja msimu mzima isingeziacha, na mabao mengi hupitia humo humo. Watu wa juu kwenye viti wanalijua hilo, kwa hiyo hawalipi bao la namna hiyo uzito mkubwa. Wanaona pia beki anayepanda mbele kila mara kutafuta bao huku nyuma yake kuko wazi, na wanaandika.

Jambo jingine ni kwamba kambi hii ya miaka 15 haikusudiwi kutoa timu ya taifa. Kambi ya miaka 16 ndiyo huzaa kikosi cha mashindano ya mataifa matano ya vijana wasiozidi miaka 17, na kambi ya miaka 17 huzaa kikosi kinachokwenda Hlinka Gretzky Cup, mashindano ya kimataifa ya vijana wasiozidi miaka 18, mwezi Agosti. Hii ya mwanao ni ya kufundisha na kutambua. Watu wa programu ya taifa, inayolea timu za vijana za Marekani, wanaanza kufungua ukurasa wa kila kijana, na karibu nao wamekaa skauti wa klabu za USHL, ligi kuu ya vijana nchini, pamoja na makocha wa vyuo vikuu. Hakuna anayefunga daftari wiki hiyo.

Skauti hupenda kukaa juu, pembeni, mbali na wazazi, mahali anapoiona barafu nzima. Uwanja wa kawaida wa Amerika ya Kaskazini una urefu wa karibu mita 61 na upana wa karibu mita 26, na mtazamaji wa kawaida huifuata paki kokote inakokwenda. Skauti hafanyi hivyo. Akishaamua kumwangalia kijana fulani, macho yake hubaki kwa huyo zamu nzima, yaani muda wote anaokaa barafuni kabla ya kubadilishwa, hata kama paki iko upande wa pili na watu wanapiga kelele. Zamu nzuri ni ya sekunde 40 hadi 45 hivi, na katika hizo paki hukaa kwenye gongo (fimbo ya kuchezea) la mchezaji mmoja kwa sekunde chache tu. Muda wote uliobaki anateleza bila paki: anajipanga, anasoma, anamfunga mpinzani, anamfungulia mwenzake njia. Ndiyo maana nakwambia mabao hayatoshi. Ukipima mchezaji kwa yale anayoyafanya na paki peke yake, umeacha sehemu kubwa ya mchezo wake bila kuiona.

Katika daftari lake skauti huandika namba ya jezi, mkono anaoshikia gongo, mwenzake wa pembeni ni nani, wanaongoza au wanafungwa, hii ni mechi ya kwanza ya kijana au ya nne akiwa amechoka. Kisha anataka kumwona tena katika hali nyingine. Mechi moja mbaya haimzamishi kijana, na mechi moja ya kung'ara haimpandishi. Skauti kadhaa wanaomwangalia kijana mmoja huandika kila mtu peke yake kwanza, ndipo wakutane kulinganisha, na mara nyingi hawakubaliani. Mabishano hayo ni sehemu ya kazi na yana faida kubwa.

Sasa tuje kwenye kazi ya beki. Hapa nitakaa, maana ndipo mwanao atakapopimwa hasa.

Katika mechi moja, wapinzani watairusha paki mara nyingi mpaka kwenye kona ya nyuma, upande wa goli la timu yake. Beki anageuka na kuikimbilia. Mgongoni kwake anakuja mshambuliaji kwa kasi, tayari kumpiga kumbo ukutani. Wakati huo skauti anaangalia shingo ya kijana. Je, amegeuza kichwa kuangalia nyuma kabla ya kuifikia paki? Mara moja au mara mbili? Beki mzuri huangalia zaidi ya mara moja, kwa sababu picha inabadilika: mshambuliaji aliyekuwa anatoka kushoto amekata kulia, senta, yaani mshambuliaji wa kati, aliyekuwa ameachwa wazi amefuatwa, kipa ametoka golini kuisimamisha paki. Anayeangalia mara moja mapema mno hucheza na picha iliyokwisha pitwa.

Baada ya shingo, skauti anashuka kwenye miguu. Je, kijana anaongeza kasi kuifikia paki, au anapunguza kwa kuogopa kumbo? Anayepunguza humpa mpinzani zawadi. Je, anaingiza mwili wake kati ya mpinzani na paki, ili hata akigongwa bado ni yake? Je, anayumbisha bega upande mmoja, kisha anatokea upande wa pili? Kijana mdogo wa umbo ana njia hapa, na njia hiyo haihitaji kilo: ukishajua mpinzani anatokea wapi, unamfanya aende mahali ambapo wewe hupo tena.

Halafu inakuja pasi ya kwanza. Nadhani hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote kwa beki wa umri huu. Je, inafika kwenye gongo la mwenzake, upande anaoupenda, bila kumlazimisha asimame kuisubiri? Beki asiyeangalia nyuma mara nyingi huipiga paki ovyo kwenye ukuta ili tu itoke. Wazazi hushangilia, kwa kuwa hatari imepungua. Skauti anaandika kwamba timu ilikuwa na paki na sasa haina. Mwingine anaizungusha nyuma ya goli, anampa senta pasi fupi ya mita chache, na timu nzima inaondoka kwa kasi kuelekea mbele. Hakuna aliyepiga makofi, lakini kwenye daftari imewekwa alama ya tiki. Beki akifanya hivyo mara nane au kumi katika mechi, anaweza kumaliza bila jina lake kutajwa hata mara moja na skauti akaondoka na ukurasa uliojaa.

Jambo la pili kwa beki ni umbali kati yake na mshambuliaji anayekuja. Akirudi nyuma mno, anamwachia mpinzani nafasi ya kufikiri na kuvuka mstari wa buluu, mpaka wa eneo la ulinzi, akiwa ametulia. Akivamia mapema, anapitwa kama mlango ulioachwa wazi. Anayejua hukaa umbali wa gongo moja au mawili, gongo lake liko chini kwenye barafu, anateleza kinyumenyume kwa kasi ileile ya mshambuliaji, na polepole anamsogeza kuelekea ukutani, mahali pasipo na hatari. Bega linakuja mwisho, kazi ikiwa imeshakwisha. Waangalie mabeki wakubwa wa umbo katika kambi hii uone wangapi wanaanza na bega. Kwa sasa wanafanikiwa kwa sababu wana kilo nyingi zaidi. Miaka minne mbele, wanaopambana nao watakuwa na kilo zilezile.

Kuhusu kuteleza sitakaa sana. Skauti anaangalia magoti yamekunjwa kiasi gani, hatua tatu za kwanza zina nguvu kiasi gani, na kiuno kinageukaje kijana anapobadili kutoka kinyumenyume kwenda mbele. Mtindo mbovu unaweza kurekebishwa na mwalimu mzuri. Nguvu za paja zitakuja zenyewe na umri na mazoezi. Shuti kali nalo litakuja, na kwa beki wa leo shuti la chini linalopenya katikati ya miguu ya watu lina faida kuliko kombora linalogonga ngao ya aliye mbele.

Hapo ndipo skauti mzuri anapotenganisha mafungu mawili. Kuna kinachokosekana kwa sababu mwili haujafika, na kuna kinachokosekana kwa sababu tabia haijajengwa. La kwanza analisamehe kwa urahisi. La pili linamtia wasiwasi, kwa kuwa kijana asiyeinua kichwa akiwa na miaka 15, na hata hivyo anafanikiwa kwa sababu ya ukubwa wake, hana kinachomsukuma ajifunze kuinua. Mdogo hana hiari. Asipoangalia, anaumia. Mabeki wengi wadogo wamejifunza kuusoma mchezo kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa umbo na Novemba. Timu za vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1 Januari. Kambi ikifanyika kiangazi, mwanao atakuwa bado ana miaka 14, na atacheza na wavulana waliomtangulia kwa karibu miezi 11. Wavulana hukua kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 14 hivi kwa wastani, lakini kuna anayeanza mapema sana na kuna anayechelewa hadi miaka 16. Kwa hiyo kwenye benchi moja unaweza kumkuta anayenyoa ndevu amekaa na ambaye sauti haijavunjika, na wote wanaitwa wa mwaka mmoja.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya Kanada ya ngazi za juu waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa mwishoni. Vipaji havigawanywi kwa mwezi wa kuzaliwa. Kilichotokea ni kwamba wakubwa walichaguliwa mapema, wakapewa makocha bora na dakika nyingi zaidi za kucheza, na pengo likaongezeka mwaka hadi mwaka. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia drafti ya NHL, yaani zoezi la klabu za ligi kuu ya kulipwa kuchagua vijana mmoja baada ya mwingine, na ukakuta kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka, baada ya kuchaguliwa nyuma, walikuja kucheza vizuri kuliko nafasi waliyopewa ilivyotabiri. Kwa maneno mengine, skauti walikuwa wanawapunja.

Sitakuficha: wapo ambao bado wanavutwa na urefu. Kuna jicho litakalompita mwanao kwa sababu ya umbo lake, na hilo linauma, hasa kwa mzazi. Lakini skauti makini huuliza. Wazazi wana urefu gani? Kaka zake walirefuka lini? Anavaa kiatu namba ngapi, na ameongeza kiasi gani tangu mwaka jana? Kuna hata kanuni za kukadiria urefu wa utu uzima kwa kutumia urefu wa wazazi pamoja na urefu na uzito wa kijana mwenyewe. Ukiulizwa maswali hayo usione ni utovu wa adabu. Ni dalili kwamba mtu ameona kitu na anataka kujua mwili utamfuata lini.

Novemba pia ina upande wake mzuri, na watu wengi hawauzungumzii. Mstari wa timu za vijana ni 1 Januari, lakini mstari wa drafti ya NHL ni 15 Septemba: mchezaji lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia siku hiyo. Aliyezaliwa Novemba husubiri drafti ya mwaka unaofuata, baada ya wengi wa rika lake kuchaguliwa. Ana msimu mzima wa ziada wa kukua na kuonekana. Auston Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997, akaukosa mstari kwa siku mbili, akasubiri na kuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2016. Kwa beki, mfano wa karibu zaidi ni Quinn Hughes. Alizaliwa Oktoba 1999, hafiki mita 1.80, na msimu wa ziada aliutumia katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alichaguliwa wa saba mwaka 2018, na mwaka 2024 akatwaa Norris, tuzo ya beki bora wa NHL.

Wengine wawili inafaa mwanao awatazame, kwa sababu wote walipita kwenye programu ya taifa na wote waliachwa mpaka majina zaidi ya sitini yaitwe. Adam Fox alichaguliwa wa 66 mwaka 2016. Kasi yake ya miguu haikuwahi kuwa ya kutisha, ila anaujua mchezo kabla haujatokea, na mwaka 2021 alipata Norris. Lane Hutson alichaguliwa wa 62 mwaka 2022 kwa kuwa watu waliogopa umbo lake. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti alibeba barua ya daktari kuonyesha kwamba mifupa yake ilikuwa bado na nafasi ya kukua. Mwaka 2025 alipewa Calder, tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima. Mwambie mwanao awaangalie hawa wawili wakiifuata paki kwenye kona, na ahesabu mara wanazogeuza shingo. Video za mabao yao zitamfundisha kidogo sana.

Kama kijana yuko katikati ya kurefuka sasa hivi, kuna jambo la mwili la kulijua. Miguu ikirefuka haraka, usawa hupotea kwa muda. Kijana aliyekuwa anageuka vizuri majira ya baridi anaweza kuonekana mzito kiangazi, naye akaogopa kwamba kipaji kimemtoka. Hakijatoka, mwili unajipanga upya. Maumivu chini tu ya goti, pale mshipa unaposhika mfupa, huwapata wengi wanaocheza sana katika umri huo. Asiyafiche ili apate kucheza. Apelekwe kwa daktari kabla ya kambi, na makocha waambiwe.

Na kuhusu kumbo, kwa sababu najua linakunyima usingizi. USA Hockey iliamua mwaka 2011 kwamba kupigana kumbo kuruhusiwe kuanzia daraja la wasiozidi miaka 14, kwa hiyo wote watakaokuwa kambini wana msimu mmoja au miwili tu ya kulizoea. Mahali pabaya kuliko pote ni kusimama kama mita moja kutoka ukutani huku umeinamia paki: ukisukumwa hapo, unarushwa na kichwa kinatangulia. Mwanao ama awe amegusana na ukuta kabisa, ama awe mbali nao, na aingie kwa pembe badala ya kuukimbilia ana kwa ana. Hilo ni la usalama wake kwanza. Skauti pia hulithamini, kwa sababu beki anayejua kujikinga ndiye atakayekuwa mzima kucheza hadi mwisho wa msimu.

Yako mambo madogo ambayo vijana hudhani hayaonekani. Baada ya kupoteza paki, sekunde tano zinazofuata huandikwa kuliko kosa lenyewe: alirudi mbio, au aliinua mikono kumlalamikia mwamuzi? Je, anatoka barafuni kwa wakati, au anabaki zamu ndefu akitafuta bao mpaka wenzake waliochoka wanafungwa? Anaongea na beki mwenzake ambaye wamekutana juzi tu? Siku za mwisho za kambi, miguu ikiwa mizito, bado anaangalia nyuma? Mimi binafsi siku hizo ndizo ninazoziamini zaidi, kwa sababu mtu aliyechoka hubaki na tabia zake tupu. (Angekuwa kipa ningekuandikia majibu mengine kabisa, makipa hukomaa wakiwa wamechelewa, na kuwakisia katika umri huu ni kazi ngumu kuliko zote.)

Kabla hajaondoka, usimjaze maneno. Mpe jambo moja la kushika: kila anapoigeukia paki nyuma, aangalie mara mbili. Akilishika hilo, pasi itakuwa bora na kumbo zitampata mara chache. Asibadilishe mchezo wake kwa sababu ni kambi. Asinunue viatu vipya vya barafu wiki ya mwisho, na vinolewe kwa kiwango alichokizoea. Alale. Vijana wakiwa pamoja bwenini hukesha wakizungumza, na mechi ya asubuhi huwaumbua.

Na wewe, mama. Kaa mahali utakapoona vizuri, mshangilie yeye na wenzake, na usimpigie kelele za maelekezo, maana akigeuka kukutazama wewe ameacha kutazama mchezo. Skauti usimfuate akiwa kazini, wala usimpelekee video au orodha ya mabao. Kizuri chajiuza. Akija mwenyewe kukusalimia, zungumza naye kwa kawaida, jibu ukweli kuhusu shule, afya na urefu, na mambo ya hoki mwachie kijana ajibu. Makocha wa vyuo vikuu husikiliza sana jinsi kijana anavyojieleza, na maksi zake za shule ni mlango ambao usipofunguka hakuna pasi nzuri itakayoufungua. Lakini akitokea mtu anayekuahidi nafasi kwenye timu ya taifa au kwenye chuo fulani ukimlipa, ondoka. Nafasi hizo haziuzwi, na anayeziuza hana.

Baada ya kambi, programu ya taifa ya timu za vijana, iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Ann Arbor na kuhamia Plymouth, Michigan, mwaka 2015, huita kundi dogo la wavulana wa mwaka huo kwenye majaribio ya mwezi Machi na kuchagua humo kikosi chake. Akiitwa, vizuri. Asipoitwa, mwaka unaofuata kuna kambi ya miaka 16, na wilaya inaanza kuchuja upya, majina mapya na ya zamani yakiwa mstari mmoja. Atakuwa amekua, na wengine watakuwa wamesimama.

Siku ya mwisho makocha wa timu yake ya kambi huwa tayari kuongea na kila kijana. Aende peke yake, wewe usimsindikize, na aulize swali moja: katika vile ninavyokosa, kipi kitakuja nikikua, na kipi hakitakuja nisipokifanyia kazi? Jibu la sehemu ya pili aliandike siku ileile, na msimu ukianza alikabidhi kwa kocha wake wa klabu, yule aliyemwambia afunge mabao, ili walifanyie kazi pamoja.